Barabara ya Kuazima

Jumatatu, 3 Machi 1952

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba deni huanza siku fedha zinapopokelewa. Si kweli. Deni huanza siku mtu mmoja anapotamka neno na mwingine akaitikia. Mimi ni karani na mkalimani wa baraza la Kingi kwa miaka ishirini sasa, na kila wiki naliona kosa hilo likikaa kwenye benchi mbele yangu.

Leo asubuhi kesi mbili. Ng'ombe wa Sebahizi, yule mfugaji wa Nyamitaba anayeuza maziwa, wameingia tena katika maharage ya mdogo wangu Zakaria. Mara ya nne. Sebahizi na Zakaria walitukanana mpaka mwenyekiti akagonga meza. Kesi ya pili, mahari. Ya tatu haikusikilizwa, maana yule Mzungu tunayemwita Bwana wa barabara alifika na kamyo, lori lake, akataka wazee wote wakae.

Alisoma karatasi ya Kifaransa, nami nikageuza. Leta, yaani serikali ya koloni, imepata fedha kutoka benki kubwa ya mataifa, ng'ambo, ili kupanua barabara inayotoka Masisi kushuka msituni hadi Walikale. Benki imetoa, Leta imetia sahihi, nchi itarudisha pamoja na faida, kidogo kidogo, miaka mingi. Alipofika kwenye neno "emprunt" nilisita. Kiswahili kina maneno mawili. Kukopa: unachukua kitu, unakitumia mpaka kinakwisha, halafu unarudisha kingine cha thamani ile, na nyongeza. Kuazima: unachukua jembe la jirani, unalima, jioni unarudisha jembe lile lile, limeoshwa. Neno la haki lilikuwa kukopa. Lakini hapa kwetu kukopa kunanuka duka, na kila mzee aliyekaa pale ana jina lake katika daftari la duka. Niliogopa kelele. Nikasema kuazima.

Wazee walitulia. Zakaria peke yake ndiye aliyecheka. "Barabara ya kuazima! Siku ya kurudisha, nani ataibeba ku kichwa? Mama-mukwe yako?"

Baraza zima likaangua kicheko. Hata mimi. Bwana akauliza wanacheka nini. Nikamwambia wamefurahi.

Jumanne, 11 Machi

Kazi imeanza. Kapita, msimamizi wa vibarua, anaitwa Leonsi, si mtu wa huku. Ana fimbo ya ngozi ya kiboko, naye huishika hata anapokula.

Mstari wa barabara unapita katikati ya shamba la Zakaria. Maharage yalikuwa na maua. Mkewe, Mama Feresita, alikwenda kusimama mbele ya watu wenye majembe. Leonsi alimpiga usoni mara moja tu. Mwisho wa fimbo ulishika jicho la kushoto. Niliona jicho likivimba hadi likafunga, halafu maji yenye damu. Zakaria alishikwa na wanaume wanne. Alipiga kelele kama ng'ombe anayechinjwa, nami sikuitambua sauti yake.

Jioni niliandika barua kwa Bwana. Nilieleza kwamba sheria ya Leta yenyewe hairuhusu kapita kupiga mtu njiani, achilia mbali mwanamke. Jibu lilirudi kwa mdomo: ataangalia.

Nina hasira.

Alhamisi, 20 Machi

Mganga wa misioni amesema jicho la Mama Feresita limekufa.

Nimepata kuisoma karatasi yote. Bwana alitaka nakala safi, na mwandiko wangu ni mzuri kuliko wa karani wake. Nilinakili siku mbili.

Nieleze, ili siku nikizeeka zaidi nisije nikasahau nilichokielewa. Anayekopesha ni benki ya mataifa. Anayepokea ni Leta. Anayelipa ni sisi: kodi yetu, mazao yetu, migongo yetu, na migongo ya watoto ambao mama zao hawajaolewa. Chini kuna sahihi tatu. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyewahi kukanyaga tope la Kingi.

Sasa katika baraza letu, mtu akija kuchukua mbuzi wa mwenzake na kusema, "Jirani yangu atalipa," mwenyekiti huuliza jambo moja kabla ya yote. Huyo jirani yuko wapi? Amesikia? Kama hayupo, anatolewa katika kesi. Hata muuza chumvi anaijua kanuni hiyo. Benki yenye wanasheria wa dunia nzima haina.

Basi niliandika ukurasa mmoja. Kwamba mwenye kulipa asikilizwe kabla ya sahihi, kwa lugha yake. Kwamba benki itume mtu wake aje aione kazi, na mahali inapofanywa kwa fimbo fedha zisimame. Kwamba pawe na baraza ambalo mkopeshaji na mlipaji watasimama sawasawa, na hakimu asiwe mtu wa mmoja wao. Nilimpelekea Bwana. Aliusoma mara mbili. Si mtu mbaya akiwa ameketi.

"Karani," alisema, "benki haizungumzi na Kingi. Benki inazungumza na serikali."

Akaufungia katika mtoto wa meza.

Sikuandika popote katika ukurasa ule kwamba mimi mwenyewe niliwageuzia wazee neno vibaya. Nililifikiria. Sikuandika.

Jumamosi, 29 Machi

Watu wawili wamekufa.

Kwenye kona ya chini wanapasua mwamba kwa baruti. Baada ya mlipuko mawe ya juu huning'inia, na kila mtu anajua lazima yaachwe yaanguke yenyewe. Leonsi hakutaka kungoja. Aliwapiga watu warudi chini ya mwamba. Yosefu wa Kingi na shemeji yake waliingia na vikapu. Jiwe lilishuka, kubwa kama jiko la misioni. Yosefu alifunikwa mzima. Shemeji alifunikwa kuanzia kiunoni, akaishi kiasi cha kusali rozari moja, akiomba maji. Alipopewa, yalimtoka puani.

Leonsi alisema jiwe lipasuliwe na vifusi vimwagwe kama kawaida, pamoja na maiti, kazi isisimame. Zakaria na wengine wakafukua kwa mikono. Zakaria alifika kwangu na damu hadi kwenye viwiko. Alikaa mlangoni.

"Kaka mukubwa, hii kitu ya kuazima, mwenyewe iko wapi? Nataka kumuona."

Nikamwambia aoge.

Jumapili, 30 Machi

Baada ya misa wazee walikutana kwa Zakaria. Mimi pia nilikuwepo.

Nataka niandike sawasawa. Zakaria alisimama akasema: kitu cha kuazima kikiwa kinakuumiza, unakirudisha kwa mwenyewe. Humpigi. Humtukani. Unakiosha, unakibeba, unaongeza kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, juu yake kwa asante, na mambo yamekwisha. Ndivyo tunavyofanya kwa jembe, kwa mtumbwi wa pombe, kwa kila kitu. Hakuna anayekasirika kurudishiwa chake. Basi tuirudishe barabara.

Mzee mmoja akauliza barabara inarudishwaje. "Mawe yake. Mbao ya daraja yake. Majembe yake. Tuko bantu mingi, si itabebeka?" Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliotoka kuzika. Halafu wakakubaliana. Wote.

Pale pale ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: ndugu zangu, karatasi haisemi kuazima, inasema kukopa, kitu cha kukopa hakirudi hivyo, nilikosea mimi. Mama Feresita aligeuka akanitazama kwa jicho lake moja. Nikaona haya. Nikasema tu waende kwa adabu.

Waende kwa adabu! Mwoga mkubwa.

Jumatano, 2 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nianzie asubuhi.

Walitoka Kingi jua likichomoza, zaidi ya watu mia. Walikuwa wameng'oa mbao za daraja usiku kucha na kuziosha mtoni. Wanawake walibeba mawe katika vikapu, wanaume mbao na majembe ya Leta. Mbele, Zakaria na kibuyu cha kasiksi kimefunikwa kwa jani la ndizi. Aliimba wimbo wa kanisani. Nilitembea nyuma, kama mtu anayesindikiza jeneza lake mwenyewe.

Kwenye kituo cha Leta askari walikuwa wamepangwa. Mtu alikuwa ametangulia kusema daraja limevunjwa. Wazungu wa huku hawajasahau vita vya msituni miaka michache iliyopita, na kila umati wenye vyuma mkononi wanauona kuwa vita vile vinarudi. Bwana alikuwa barazani mwake na bastola. Watu waliweka mawe chini, taratibu, kwa safu. Zakaria akapiga goti, akasogeza kibuyu.

"Bwana, asante. Kitu yako njo hii. Hesabu."

Bwana hakuelewa. Alinitafuta kwa macho, mimi mkalimani wake. Nilikuwa nyuma, mbali mno. Nilikimbia. Napenda kuandika kwamba nilikimbia upesi.

Leonsi alikuja kutoka ubavuni akakipiga kibuyu teke. Kilipasuka. Akamgeukia Zakaria kwa fimbo. Mzee aliyekuwa kando akaishika fimbo. Hapo ndipo bunduki zikalia. Askari aliyeanza alikuwa amefumba macho, nilimwona.

Mzee aliyeshika fimbo alipigwa kooni. Mwanamke mwenye kikapu alipigwa tumboni, akaketi juu ya mawe yake kana kwamba amechoka. Mtu wa tatu alipigwa mgongoni akikimbia, na wa nne juu yake. Wengine hawakukimbia. Walimwangukia Leonsi. Walimpiga kwa mbao zile zile zilizooshwa. Mbao ya mvule ni nzito. Nilisikia mfupa wa kichwa. Waliendelea kupiga baada ya hapo, muda mrefu, mpaka hapakuwa na uso. Zakaria hakuwa kati yao. Alikuwa bado amepiga goti katika kasiksi iliyomwagika, mikono kichwani, na askari wawili walikuwa wakimpiga kwa vitako vya bunduki.

Nilifika mbele ya Bwana. Nilikuwa sina pumzi. Sikuweza kusema Kifaransa.

Wanne wetu. Leonsi mmoja. Watano.

Alhamisi, 3 Aprili

Wamechoma nyumba kumi na moja Kingi. Ya Zakaria kwanza. Migomba imekatwa. Wanaume wote waliopatikana wamelazwa kifudifudi uwanjani na kupigwa kwa zamu, askari wakibadilishana kwa sababu ya kuchoka mikono. Mimi nilirukwa. Ni mtu wa Leta.

Sijawahi kutamani kupigwa fimbo namna hii.

Zakaria yuko buloko, gerezani, pamoja na wengine wanne. Wanasema ni uasi na mauaji. Kamba, yaani kunyongwa.

Mama Feresita analala kwetu. Hanisemeshi.

Jumanne, 22 Aprili

Hakimu ametoka mjini. Meza imewekwa shuleni. Mwingine anayejua Kihunde, Kiswahili na Kifaransa vyote vitatu hayupo, kwa hiyo nimeapishwa mimi kuwa mkalimani. Nimeapa mkono juu kwamba nitageuza kwa uaminifu.

Bwana wa barabara alitoa ushahidi. Alisema watu walielezwa karatasi waziwazi na wakaikubali kwa furaha. "Walicheka. Mkalimani wangu mwenyewe aliniambia wamefurahi." Nikageuza hayo kwa Kiswahili, mbele ya Zakaria, neno kwa neno.

Kisha hakimu akamuuliza Zakaria kwa nini aliharibu mali ya koloni. Amepungua. Meno ya mbele hayapo. Lakini ulimi ni ule ule.

"Muheshimiwa, hatukuharibu. Tulirudisha. Uliona wapi muntu anaharibu kitu, halafu anaiosha na anakuletea pombe juu? Barabara iko ya kuazima. Kaka yangu huyu njo alitugeuzia. Umuulize. Ao amesahau Kifaransa?"

Nyuma mtu alicheka, akapigwa.

Niligeuza yote. Na pombe, na Kifaransa nilichosahau. Kisha nikaomba ruhusa kuvua kiapo cha mkalimani na kuvaa cha shahidi. Mwendesha mashtaka alisimama akasema haiwezekani, mtu hawezi kuwa vyote viwili. Kisheria alikuwa na haki. Hakimu akamwambia karani wake, "Andika."

Nikasema. Nilieleza maneno mawili na tofauti yao. Nilieleza jembe la jirani. Nilieleza kwamba karatasi inasema kukopa, nami nililijua hilo, nikachagua neno laini kwa kuogopa kelele. Kwamba sikusema kweli kuhusu kicheko. Kwamba Jumapili ile niliweza kuwazuia na sikuwazuia. Kwamba uasi unahitaji moyo wa kuasi, na watu hawa walikwenda na moyo wa kurudisha. Nilieleza mno, kama kawaida yangu. Hakimu hakunikatiza.

Baada yangu aliingia mtu ambaye hakuitwa na yeyote: Sebahizi, na fimbo yake ya ng'ombe. Siku ile alikuwa kituoni akiuza maziwa.

"Zakaria iko adui yangu," alisema. "Maharage yake inajua ng'ombe yangu kwa majina. Lakini bunduki njo ilisema kwanza. Na Zakaria hakushika mbao. Alikuwa chini, mu pombe yake."

Askari wawili walimsindikiza nje. Kabla ya jioni walikuwa wamemwua fahali wake.

Alhamisi, 24 Aprili

Hukumu. Uasi umefutwa. Kamba imefutwa. Kwa kifo cha Leonsi, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeongoza msafara, Zakaria amepewa miaka kumi ya minyororo. Wenzake minne minne. Watatumikia wapi? Kwenye barabara ya Walikale.

Waliowapiga risasi wale wanne hawakutajwa. Nilisikiliza hadi mwisho. Hawakutajwa.

Mimi: nimefukuzwa kazi, na miezi miwili buloko kwa ukalimani wa uongo. Ni haki. Hakimu aliuliza kama nina la kusema. Nilitaka kumwambia kuhusu wale watatu waliotia sahihi ng'ambo, kwamba nao waligeuza neno moja, waliposema "nchi" wakimaanisha watu ambao hawakuwauliza, na wao nani atawafunga. Nikasema sina.

Walipotutoa, tulipita karibu. Zakaria aliniangalia. "Kaka mukubwa," alisema. "Leo Kifaransa yako ilikuwa muzuri." Sijui kama ni dhihaka. Nilikubali iwe vyovyote.

Jumatatu, 30 Juni

Nimetoka siku sita zilizopita. Buloko si mahali pa kuandika. Nilipigwa mara mbili, si sana, askari mmoja aliuonea haya umri wangu.

Mvua imekwisha. Vilima vya juu vimeanza kukauka. Nyumba ya Zakaria imejengwa upya, wafugaji wa Nyamitaba walileta nyasi na miti. Mama Feresita amerudi kwake. Jana alinisemesha kwa mara ya kwanza. Aliniuliza kama nina chumvi.

Barabara imepita. Ni pana. Juzi kamyo ilishuka na watu wa minyororo wamesimama nyuma, nikamwona mdogo wangu, amevaa fulana ya gereza, anatazama mbele. Aliinua mkono na mkono wa mwenzake ukainuka pamoja nao. Nami niliinua wangu. Kamyo ikaingia kwenye kona ya mwamba.

Sebahizi alikuja jana na kibuyu cha maziwa na karatasi. Kuna sehemu ya pili ya barabara, itapita katika malisho ya Nyamitaba. Fedha ni za benki ile ile. Kesho watasomewa na mkalimani mpya. Anataka kujua inasema nini kabla hawajasomewa. Nilimwambia sina kazi wala ruhusa. Akasema ng'ombe wake nao hawana ruhusa, na wanaingia.

Nimeisoma mara tatu alfajiri hii. Nimeelewa. Ukurasa wangu wa Machi bado umefungiwa katika meza ya Bwana, ila maneno yake ninayo kichwani.

Mguu unauma tangu buloko, lakini njia ni kavu.

Najiambia: leo, kabla ya jua kuwa kali, nenda Nyamitaba, kaa chini na wazee, uwasomee karatasi yote tangu mwanzo hadi sahihi, na pale penye kukopa useme kukopa.